Kitambulisho na haki ya kupiga kura: Kenya, Tanzania Bara, Zanzibar na Kongo, utaratibu upi unamfaa mwananchi?

Kila uchaguzi ukikaribia, hoja ile ile hufufuka: tuwe na kitambulisho kimoja tu, kifanye kazi zote, kura ikiwa mojawapo. Tanzania Bara wapo wanaouliza kwa nini Tume ya uchaguzi iendelee kuchapa kadi za mpiga kura ilhali NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, imeshachukua alama za vidole za mamilioni ya watu. Wakenya walishavuka hapo zamani, kwao huwezi kuitaja kura bila kukitaja kitambulisho. Zanzibar wana ZanID, kitambulisho cha mkazi wa visiwani. Kongo mambo yako kinyume kabisa, maana huko kadi ya kura ndiyo iliyogeuka kuwa kitambulisho cha raia.

Nchi zetu zimeshajaribu njia hizi zote nne, na matokeo yake yanaonekana kwa macho. Kwa hiyo hatuna haja ya kubishana kwa kubahatisha. Ninaandika nikiwa na msimamo, na ni vizuri msomaji aujue mapema: mwananchi akikosa kura kwa sababu ya kitambulisho, mara nyingi hakuikosa kituoni. Aliikosa miezi au miaka kabla, mbele ya meza ya ofisi nyingine isiyo ya uchaguzi, alipoambiwa "njoo wiki ijayo", "lete cheti cha babu yako" au "wewe hapa hatukutambui". Ndiyo maana katika kulinganisha nitakaa zaidi kwenye meza hiyo kuliko kwenye foleni ya siku ya kura.

Picha ya haraka ni hii:

| | Kenya | Tanzania Bara | Zanzibar | Kongo (DRC) |
|---|---|---|---|---|
| Unachohitaji ili uandikishwe | Kitambulisho cha taifa au pasipoti | Kufika mwenyewe na kuthibitisha umri na uraia. NIDA si sharti | ZanID na ukaazi jimboni | Hati yoyote kati ya kadhaa, au mashahidi |
| Anayeshika funguo | Msajili wa watu, si tume | Tume ya uchaguzi | Sheha (kiongozi wa shehia, yaani mtaa) na ofisi ya ZanID | Tume ya uchaguzi (CENI) |
| Wakati wa kujiandikisha | Kwa kawaida mwaka mzima, husimama uchaguzi ukikaribia | Siku chache kwa kila mkoa | Vipindi maalumu | Zoezi kubwa kabla ya uchaguzi |
| Hatari kubwa | Kunyimwa au kucheleweshewa kitambulisho | Kupitwa na dirisha la siku chache | Kukataliwa na mtu mmoja | Kadi duni na vita |

Jedwali halisemi uzito wa kila jambo, na uzito haulingani hata kidogo.

Kenya: kipande kwanza, kura baadaye

Ukisoma Katiba ya Kenya ya 2010 unaweza kudhani suala hili limeshamalizwa. Ibara ya 38 inampa kila raia mtu mzima haki ya kuandikishwa bila vizuizi visivyo na sababu. Ibara ya 83(3) inakwenda mbali zaidi: mipango ya kiutawala ya kuandikisha wapiga kura na kuendesha uchaguzi iwekwe ili imrahisishie raia, wala isimnyime haki yake. Ni maneno mazuri mno.

Kisha inakuja Sheria ya Uchaguzi ya 2011, inayotaka kitambulisho cha taifa au pasipoti. IEBC, tume ya uchaguzi, haitoi kitambulisho, kazi yake ni kukipokea. Anayekitoa ni msajili wa watu, na njia ya kumfikia inapita kwa chifu. Ile karatasi unayopewa usubirie nayo kitambulisho hairuhusu kuandikishwa. Kijana aliyetimiza miaka 18, mwenye cheti cha kuzaliwa, anayejulikana na mtaa mzima, ataendelea kuhesabiwa kama hayupo mpaka kadi yake itoke.

Inafaa kukumbuka kipande, jina la zamani la kitambulisho, kilikotoka. Sheria ya kikoloni ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, iliwalazimisha wanaume Waafrika kutembea na karatasi ya alama za vidole ndani ya kikasha cha chuma, wengi wakikivaa shingoni. Lengo lilikuwa kujua mfanyakazi yuko wapi na nani kamtoroka mwajiri. Wanawake hawakuingizwa katika usajili huo mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1978. Kifaa kilichobuniwa kumzuia mtu asiende atakako ndicho leo kinachoamua kama ataingia chumba cha kura, na tabia ya kumshuku mwombaji haijaondoka kwenye ofisi hizo.

Kwa jamii za mpakani, Wanubi wa Kibra, Wasomali na Waislamu wengi wa Pwani, kulikuwa na hatua ya ziada ya kuhojiwa na kamati: wazee, chifu, maafisa wa usalama. Mwombaji alitakiwa kuleta hati za wazazi, wakati mwingine za babu na bibi. Fikiria mzee aliyezaliwa kijijini miaka ya 1940. Nani alimwandikia cheti? Kamati haikai kila siku, na ikikaa inaweza kutaka hati nyingine. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kuuondoa utaratibu huo kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Tangazo lenyewe ni ushahidi kwamba kwa miongo mingi raia wa nchi moja walikuwa wakipita milango miwili tofauti kuifikia haki moja.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Wapemba wa Kilifi na Kwale. Ni wavuvi, wazee wao walivuka bahari kutoka Pemba na kuweka makazi pwani ya Kenya vizazi kadhaa vilivyopita. Wanaongea Kiswahili, wameoana na majirani zao, watoto wao wamezaliwa hapo. Kwa kuwa hawakuwa na kitambulisho, hawakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lao, kufungua akaunti benki wala kupata leseni ya uvuvi bila kumtegemea mwenye kadi. Kura ndiyo kabisa. Serikali iliwatambua rasmi kuwa raia Julai 2023, watu takriban 7,000. Kabla yao Wamakonde walilazimika kufunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi mwaka 2016 ndipo wakasikilizwa, ingawa wazee wao waliletwa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa tangu enzi za Mwingereza. Wamakonde walipiga kura 2017. Hesabu mwenyewe ni chaguzi ngapi ziliwapita kabla ya hapo, zikiwachagulia wabunge wa kuwasemea bila wao kuulizwa.

Halafu kuna kisa cha kaskazini mashariki kinachoonyesha kwamba mashine nayo inaweza kufunga mlango. Wakati wa ukame na shida, familia za Wakenya karibu na kambi za Dadaab ziliwaandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Watoto wakakua. Walipokwenda kuomba kitambulisho, alama za vidole zikasema: huyu ni mkimbizi. Maelfu walikwama hapo kwa miaka, wakiwa raia wa kuzaliwa na wazazi wenye vitambulisho mkononi.

Watetezi wa sharti hili husema linazuia wizi wa kura. Nalichukulia hilo kwa uzito, kwa sababu uchaguzi wa 2007 uliimwaga damu ya Wakenya na hakuna anayetaka kurudi huko. Lakini soma ripoti ya 2008 ya Tume ya Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi huo. Sajili iliyotumika 2007 ilikadiriwa kuwa na marehemu wapatao milioni 1.2, na papo hapo wanawake na vijana walikuwa wameandikishwa pungufu. Kitambulisho kilikuwa sharti hata wakati huo. Kwa maneno mengine, sharti liliwaacha nje walio hai na halikuwatoa waliokufa. Hata ukaguzi wa kampuni ya KPMG kabla ya uchaguzi wa 2022 ulikuta zaidi ya marehemu 240,000 kwenye sajili. Marehemu huondolewa kwa kuunganisha sajili na taarifa za vifo. Kumbana kijana wa Moyale hakumfuti mtu hata mmoja.

Kenya ina jambo moja ambalo wengine wote wangepaswa kuliiga: uandikishaji endelevu. Ukipata kitambulisho Machi, unaweza kwenda ofisi ya IEBC ya eneobunge lako bila kusubiri tangazo la zoezi la nchi nzima. Uandikishaji huo ulianzishwa upya tarehe 29 Septemba 2025, baada ya tume kukaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Kwa anayesoma hili akiwa Kenya na hajajiandikisha kwa ajili ya Agosti 2027, huu ndio wakati wa kukifuatilia kitambulisho.

Tanzania Bara: Tume inatoa kadi yake yenyewe

Hapa mpangilio ni tofauti. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lipo tangu 2004, na tangu 2015 uandikishaji unafanywa kwa BVR, mashine za kuchukua picha na alama za vidole. Unafika kituoni kwenye kata yako, unatoa maelezo, unapigwa picha, unaweka vidole, na unaondoka na kadi yako siku hiyo hiyo. Hakuna anayekurudisha nyumbani kwa sababu NIDA haijakupa namba. Mawakala wa vyama wapo kituoni, daftari la awali hubandikwa wazi, na mwenye shaka na jina fulani anaweza kuweka pingamizi. Yaani ukishaandikishwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba wewe si raia anaubeba anayedai hivyo.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu tunajua kingetokea nini kama ingekuwa vinginevyo. Kumbuka Desemba 2019 na Januari 2020, serikali ilipotaka laini zote za simu zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA kabla ya tarehe 20 Januari. Watu walikesha nje ya ofisi za NIDA, kina mama na watoto mgongoni. Wengi walipata namba lakini kadi yenyewe waliisubiri kwa miaka. Ile ilikuwa simu, na siku ya mwisho ingeweza kusogezwa. Tarehe ya uchaguzi haisogezwi kwa sababu foleni ni ndefu.

Utaratibu huu una tundu lake, nalo ni muda. Tume huliboresha daftari mara mbili kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, na katika kila eneo zoezi hudumu siku chache, mara nyingi saba. Zoezi la kwanza kabla ya uchaguzi wa 2025 lilizinduliwa Kigoma tarehe 20 Julai 2024 na kuzunguka nchi nzima kwa awamu. Mfugaji aliyekuwa malishoni, mwanafunzi aliyekuwa kwenye mitihani mkoa mwingine, dereva wa lori aliyekuwa Tunduma, wote wanaweza kurudi na kukuta mashine zimeshahamia mkoa unaofuata. Daftari lilifika wapiga kura 37,655,559 kwa ajili ya uchaguzi wa 2025, idadi kubwa kweli, ila waliopitwa na siku zile saba hawana pa kwenda mpaka zoezi lingine litangazwe.

Pia kuna mkanganyiko wa daftari mbili. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024 ulikuwa na orodha yake ya wakazi, iliyoandikwa kati ya tarehe 11 na 20 Oktoba chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Kituoni vilikubaliwa vitambulisho vya aina nyingi. Ugeni wa sharti ulikuwa kwingine: kadi yako ya mpiga kura, hata iwe safi namna gani, haikukufaa kama jina lako halimo kwenye orodha ya mtaa. Mtu anayeulizwa kwa nini hakujiandikisha na akajibu "si nina kadi!" hana kosa. Kosa ni kumpa mwananchi mmoja madaftari mawili na kutegemea atambue tofauti yake mwenyewe.

Na lisemwe wazi: kupata kadi kwa urahisi hakutoshi kuitwa uchaguzi huru. Mwaka 2025 kadi zilikuwepo, lakini CHADEMA, chama kikuu cha upinzani, kilikuwa kimezuiwa kushiriki, na siku ya tarehe 29 Oktoba maandamano, kuzimwa kwa intaneti na amri ya kutotoka nje Dar es Salaam ndivyo vilivyotawala. Tunapousifu utaratibu wa Bara wa kuandikisha, tunasifu hatua moja tu ya safari ndefu.

Zanzibar: neno la sheha

Ukitaka kuona hatari ya kuikabidhi kura kwa ofisi ya utambulisho, angalia ng'ambo ya mkondo. ZanID ilianzishwa kwa Sheria Namba 7 ya 2005, na ndiyo inayohitajika ili ZEC, tume ya uchaguzi ya Zanzibar, ikuandikishe. Ili uipate, sheha athibitishe kwamba unakaa kwenye shehia yake. Sheha hachaguliwi na wakazi, huteuliwa na mkuu wa mkoa. Juu ya hilo, kwa miaka mingi sheria ya uchaguzi ya Zanzibar imetaka mpiga kura awe amekaa jimboni miezi 36 mfululizo.

Sharti la ukaazi lina maelezo yake. Visiwa ni vidogo, majimbo ni madogo, na tangu kura za miaka ya 1950 na 1960 kila upande umehofia mwenzake atahamisha watu kuja kujaza masanduku. Lakini hebu lisome kwa macho ya watu wa visiwani. Mvuvi anayekwenda dago, kambi ya wavuvi, miezi kadhaa kila mwaka. Mke aliyeolewa Wete akitokea Chake. Kijana aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta riziki kisha akarudi kwao. Hao si wapiga kura wa kupandikizwa. Kuna mwenye kuamua kama miezi yao imetimia, na mtu huyo ni mmoja, anawajua kwa majina, anajua pia baba zao walikuwa chama gani.

Mwaka 2009 jambo hili lililipuka Pemba. Uandikishaji ulipoanza, wananchi walijitokeza wakisema wamenyimwa ZanID na hivyo wamefungiwa nje ya daftari. Hali ikachafuka, zoezi likasimamishwa kwa muda. Kilichotuliza si teknolojia. Ni maridhiano ya Novemba mwaka huo kati ya Rais wa Zanzibar Amani Karume na kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad, yaliyofuatwa na kura ya maoni ya Julai 2010. Kabla ya uchaguzi wa 2020 ZanID za zamani zikabadilishwa kuwa kadi mpya, kila mtu akatakiwa aanze tena, na malalamiko yale yale yakarudi. Daftari la ZEC la mwaka huo lilikuwa na wapiga kura 566,352.

Kwa maoni yangu huu ndio utaratibu mbaya zaidi kati ya minne, wala sababu si kwamba masheha wote ni wabaya. Wapo wanaoifanya kazi kwa haki kabisa. Ubaya ni kwamba anayekataliwa na sheha hapewi karatasi ya kukataliwa. Anaondoka na neno la mdomo, na neno la mdomo huwezi kulipeleka mahakamani.

Kongo: kadi ya kura yafanya kazi ya kitambulisho

Ndugu zetu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi watanishangaa nikisema kitambulisho ni sharti la kura, kwa kuwa wao hujiandikisha kupiga kura ili wapate kitambulisho. Tangu kufa kwa Zaire serikali haijaweza kuwapa raia wote kadi ya taifa, kwa hiyo kadi ya CENI ndiyo inayotumika benki, kwenye vizuizi vya barabarani, hotelini, kila mahali. Asiye na cheti chochote anaweza kutambuliwa kwa mashahidi waliokwisha kuandikishwa katika kituo hicho hicho.

Kwa upatikanaji, ni vigumu kuupita utaratibu huu: watu wanaifuata kadi kwa sababu wanaihitaji kila siku. Kwa uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 waliandikishwa takriban milioni 44. Matatizo yakawa mengine. Kadi zenyewe zilichapwa vibaya, wino ukafifia mpaka picha na jina visionekane, na CENI ikalazimika kuwaruhusu wenye kadi zilizofutika wapige kura mradi majina yao yamo kwenye orodha. Na katika maeneo ya Masisi na Rutshuru, Kivu Kaskazini, vita viliwafanya wakazi wakose kura kabisa. Hakuna muundo wa kitambulisho unaoweza kulitibu hilo.

Siku yenyewe: kadi imepotea, kidole kimegoma

Hapa tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, lakini zina maana kwa aliyesimama foleni tangu alfajiri.

Kenya, unakwenda na hati ile ile uliyojiandikishia. Ulitumia pasipoti, basi kitambulisho hakitakufaa, na kinyume chake. Ukikipoteza wiki ya uchaguzi, umekosa, maana hakuna mbadala. Bara, kadi ya mpiga kura ikipotea au kuharibika, Tume imeruhusu pasipoti, leseni ya udereva au kitambulisho cha NIDA, alimradi umo daftarini na majina yafanane. Hilo neno "yafanane" lina mtego. Mwanaidi kwenye kadi moja na Mwanahidi kwenye nyingine ni mtu yule yule kwa kila anayemjua, ila kwa karani mwenye woga ni watu wawili. Wanawake walioongeza jina la mume huumia zaidi hapa. Kagua herufi mapema, wakati daftari la awali limebandikwa.

Kwa upande wa mashine, Kenya imepitia somo gumu. Mwaka 2013 vifaa vya kutambua wapiga kura viliishiwa chaji katika shule zisizo na umeme, watu wakarudi kwenye karatasi. KIEMS, mashine mpya za kutambua wapiga kura zilizotumika 2017 na 2022, zilikuwa bora, lakini 2022 ziligoma katika baadhi ya vituo vya Kakamega na Kibwezi Magharibi mpaka sajili ya karatasi ikaruhusiwa. Kinachonipendeza ni ngazi waliyoiweka kwa mtu ambaye vidole vyake havisomeki. Mkata mkonge, mpasua kokoto, bibi wa miaka 80 aliyelima maisha yake yote, vidole vyao vimelika. Msimamizi huingiza namba ya kitambulisho kwenye mashine, picha na jina vikitokea hujaza Fomu 32A mbele ya mawakala, na mtu anapiga kura. Anatambuliwa, kuna kumbukumbu ya maandishi, na hajarudishwa nyumbani kwa sababu ya kazi aliyoifanya kwa mikono yake.

Basi tuchague kipi?

Kama unaishi Bara na unaulizwa maoni kuhusu kuifuta kadi ya mpiga kura ili NIDA ichukue nafasi yake, jibu langu ni hapana, angalau mpaka NIDA iweze kumpa kila mtu kadi ndani ya muda unaojulikana. Ukitaka kuboresha, dai kile Kenya inacho: meza ya uandikishaji iliyo wazi mwaka mzima kwenye kila halmashauri. Na dai daftari moja litumike kwa serikali za mitaa na uchaguzi mkuu.

Kama uko Kenya, kitambulisho hakitaondolewa kwenye sheria karibuni, kwa hiyo nguvu ielekezwe kwenye msajili wa watu. Karatasi ya kusubiria, yenye namba na alama za vidole zilizokwisha kuchukuliwa, ingetosha kabisa kumwandikisha mtu kwa masharti, akaonyesha kadi siku ya kura. Kuiruhusu kungewaingiza vijana wengi kuliko kampeni zozote za redioni.

Kama uko Zanzibar, dai la kwanza ni kumtoa sheha kwenye nafasi ya kuwa mlango pekee. Ushahidi wa ukaazi uweze kutoka kwa zaidi ya mmoja: mwajiri, mwalimu mkuu, imamu, bili ya umeme, majirani walioapa, kama Kongo inavyowakubali mashahidi.

Na kwa nchi zote nne kuna sharti moja ambalo ningeliweka mbele ya BVR, KIEMS na kadi zenye chipu. Yeyote anayemkatalia mwombaji kitambulisho au kumkatalia kuandikishwa aandike sababu, asaini, aweke tarehe, na ampe nakala papo hapo. Mahakama ya karibu ipewe siku chache tu za kusikiliza rufaa yake, bila ada, kabla daftari halijafungwa. Gharama yake ni kitabu cha fomu na kalamu.